Barua ya Ufadhili Ina Ukurasa wa Pili

Msikilizaji, barua ya ufadhili wa chuo ikifika nyumbani husomwa kwa sauti, na msomaji akifika penye kiasi cha fedha huambiwa arudie. Simu hupigwa kijijini, shangazi hujulishwa, na yaliyobaki kwenye barua hayasomwi tena siku hiyo. Yaliyobaki ndiyo masharti: GPA, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya hapa, masomo yasipungue idadi hii, matokeo yafike ofisini kabla ya tarehe fulani. Nataka tuizungumze sehemu hiyo, maana ufadhili hutolewa mara moja lakini unaweza kukatwa kila mwaka. Niseme mapema nimesimama wapi. Sipingi masharti. Anayelipa ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya nini, na tutaona kwamba masharti yaliyoandikwa kwa akili humfikisha mwanafunzi kwenye mahafali mapema zaidi. Ninachopinga ni masharti yanayotazama wastani peke yake, yanayoutazama kwa siku moja, na yanayokata bila kuonya. Hayo hupoteza wanafunzi ambao mfadhili mwenyewe, angewatazama vizuri, asingekubali kuwapoteza.

Nitachukua mfano wa Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, kwa sababu huko mambo haya yametekelezwa kwa zaidi ya miaka 30 na wachumi wameyachunguza sana. Novemba 1992 wapiga kura wa Georgia waliidhinisha bahati nasibu ya jimbo, na mwaka 1993 gavana Zell Miller akaanza kutumia mapato yake kugharamia ufadhili uitwao HOPE. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka: kijana akimaliza sekondari na wastani wa B, jimbo linamlipia ada katika chuo cha umma cha Georgia. Mwanzoni palikuwa na kikomo cha kipato cha familia. Mwaka 1995 kikomo kikaondolewa, ukawa ufadhili wa kila mwenye B, mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji. Kuendelea nao kuna sharti lake. GPA isiwe chini ya 3.0, ambayo huko ni B kamili kwa kuwa A ina pointi 4, na hupimwa mwanafunzi anapofikisha krediti 30, kisha 60, kisha 90, na vilevile kila muhula wa kufungia mwaka unapokwisha. Muhula wa kawaida una krediti 15, kwa hiyo kipimo cha kwanza humkuta mwanafunzi mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Akiupoteza ufadhili anaweza kuurudisha kwenye kipimo cha mbele. Akiupoteza mara mbili, basi tena.

Sikilizeni sasa hesabu ilivyo. Chukua mwanafunzi mwenye masomo matano kwa muhula, kila somo krediti tatu. Muhula wa kwanza anapata B nne na D moja, tuseme ya hisabati. B ina pointi 3, D ina pointi 1. Jumla 13, gawa kwa 5, anapata 2.6. Muhula wa pili amejua maktaba ilipo na amejifunza kumwendea mhadhiri ofisini, anapata B nne na A moja, yaani 3.2. Jumlisha mihula yote miwili, wastani wake ni 2.9. Ufadhili umekatika. Mtazame na mwenzake, aliyeanza na A tatu na B mbili, yaani 3.6, kisha muhula wa pili akaporomoka hadi 2.6 kwa sababu anazozijua yeye. Wastani wake ni 3.1, na ufadhili unaendelea. Anayepanda amekatwa, anayeshuka amelipiwa. Yule wa kwanza akirudia 3.2 yake muhula wa tatu, wastani unafika 3.0 kamili, ila huo muhula wa tatu sasa anatakiwa aulipie mwenyewe. Katika hesabu hii hakuna aliyemdhulumu, na hakuna karani aliyekosea. Ndivyo wastani wa jumla ulivyo: unabeba muhula wa kwanza mgongoni mpaka mwisho, na muhula wa kwanza ndio ambao mtoto wa shule ya kata ana taarifa chache zaidi kuhusu chuo ni nini.

Tabia za watu nazo zinafuata hesabu. Wachumi Christopher Cornwell, Kyung Hee Lee na David Mustard walichunguza rekodi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Georgia, wakawalinganisha wakazi wa jimbo, ambao HOPE inawahusu, na wanafunzi waliotoka majimbo mengine, ambao haiwahusu. Waligundua kwamba baada ya ufadhili kuanza, wakazi walipunguza kujiandikisha kwa mzigo kamili wa masomo, waliongeza kuacha masomo katikati ya muhula, na walihamishia baadhi ya masomo likizo ya kiangazi. Ukiijua kanuni, huwezi kuwashangaa. Somo uliloliacha kabla ya tarehe ya mwisho halikushushii wastani. D unayoing'ang'ania inakushushia. Kijana mwenye akili, aliyeambiwa kwamba kitakachotazamwa ni wastani, ataulinda wastani. Atakimbia kemia, atachagua mhadhiri mwenye mkono mwepesi wa alama, na atamaliza mwaka akiwa na B safi na elimu pungufu. Jimbo lenyewe liliuona ugonjwa huo: mwaka 2016 lilipitisha sheria, na kuanzia 2017 B, C au D katika masomo magumu yaliyoteuliwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ikaongezewa nusu pointi wakati wa kuhesabu sifa ya HOPE. A haikuongezewa kitu, kwani mwenye A hakuwa hatarini. Marekebisho hayo yalichukua zaidi ya miaka 20 kufika. Tangu 1993 hadi hapo, waliokwepa maabara kwa hofu ya D walikuwa wameshamaliza chuo na kushika kazi nyingine kabisa.

Ukiishia Georgia utadhani masharti ni mabaya. Ndiyo maana lazima twende West Virginia, jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe, ambalo mwaka 2002 lilianzisha ufadhili wake uitwao PROMISE. Wao walidai vitu viwili kwa pamoja: GPA, na pia krediti 30 zilizokamilishwa kila mwaka. GPA yenyewe waliipa ngazi, 2.75 mwaka wa kwanza na 3.0 baada ya hapo. Sasa ukiacha somo ili kulinda wastani, unapungukiwa krediti. Mlango wa kukwepea umefungwa. Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia alizichambua takwimu za mpango huo, na matokeo aliyochapisha mwaka 2011 yanaonyesha kwamba waliomaliza shahada ndani ya miaka minne waliongezeka kwa takriban asilimia 7 ya wanafunzi wote aliowapima. Lakini kilicho kizito zaidi ni mahali ongezeko hilo lilipojikusanya. Lilikuwa pale pale kwenye mipaka, kwa wanafunzi waliosukumwa kufikisha krediti 30 na alama iliyodaiwa. Mwaka wa nne, ambapo fedha iliendelea kutoka lakini hapakuwa tena na kuhuishwa mbele, msukumo ule ulitoweka.

Hapo wapo watakaosema nimejifunga mwenyewe. Kama bidii hupotea sharti linapoondoka, basi kaza sharti, usilegeze. Huruma huzaa uvivu. Nakubali nusu ya kwanza bila kusita. Takwimu za West Virginia zinasema wazi kwamba vijana husoma zaidi wakijua wanatazamwa, na mfadhili anayegawa fedha kisha akageuza uso anajidanganya. Nusu ya pili haifuati. West Virginia hawakupata matokeo yao kwa kuwa wakali kuliko Georgia. Kwenye alama za mwaka wa kwanza walikuwa wapole zaidi. Walichokifanya ni kudai kitu sahihi. Na ipo njia ya kuwatazama wanafunzi mara nyingi bila kuwasubiri na panga mwisho wa mwaka. Mwaka 2004 na 2005, katika vyuo viwili vya jamii eneo la New Orleans, wazazi wenye kipato kidogo waliahidiwa dola 1,000 kwa muhula, kwa mihula miwili, wakisoma angalau nusu ya mzigo na kupata wastani wa C. Fedha haikutolewa yote kwa pamoja: dola 250 baada ya kujiandikisha, 250 katikati ya muhula kwa aliyekuwa bado darasani, na 500 matokeo yakitoka na yakiwa mazuri. Walipata krediti nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa ahadi hiyo, na wengi zaidi walirudi muhula uliofuata. Kisha Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaja kikavuruga mpango na mji wote. Lakini katika mpango ule, aliyekosa dola 500 muhula wa kwanza alijua bado kuna muhula wa pili wa kuzifukuzia, na hakuna aliyemfungia mlango kwa kosa la Novemba.

Pingamizi jingine ni la mfuko. Fedha ya umma haitoshi, nje kuna foleni ya vijana wenye sifa, kwa nini nafasi ikaliwe na mwenye 2.9? Hili ni pingamizi la heshima na haliondoki kwa maneno matamu. Lakini tazama fedha inakwenda wapi. Mwaka wa kwanza wa mwanafunzi aliyekatwa umeshalipwa na haurudi. Akiacha chuo, mfadhili amenunua theluthi au robo ya shahada, na robo ya shahada haiajiriwi popote. Kijana mpya atakayechukuliwa badala yake anaanzia sifuri, na naye ataufikia muhula ule ule wa kwanza wenye mitego ile ile. Ukiweka rejista mbele yako utaona kwamba mtu wa bei nafuu kuliko wote kumfikisha kwenye shahada ni yule aliyebakiza desimali moja ya kufikia sharti. Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichopo Atlanta, kiliifanya hesabu hiyo kikaanzisha mpango mdogo kwa waliopoteza HOPE wakiwa na GPA kati ya 2.75 na 2.99. Kiliwapa dola 500 kwa muhula, kwa mihula miwili, wakikubali kuhudhuria mafunzo ya namna ya kusoma na kukutana na mshauri, ili wafike kwenye kipimo kinachofuata wakiwa wameshavuka 3.0. Dola 1,000 ni sehemu ndogo tu ya ada ya HOPE. Chuo kinajua anayerudisha HOPE yake analeta ada ya jimbo chuoni kwa mwaka mwingine mzima, kwa hiyo tusikiite chuo hicho cha huruma kupita kiasi. Kimepiga hesabu tu.

Tennessee, jirani wa Georgia, imelitibu tatizo ndani ya kanuni yenyewe. Ufadhili wake, ambao nao unaitwa HOPE na nao unalipwa na bahati nasibu, unadai 2.75 kwenye krediti 24 na 48, kisha 3.0 kuanzia 72. Na kuanzia hapo mwanafunzi ambaye wastani wake wa jumla umekwama kati ya 2.75 na 2.99 anaweza kuendelea muhula kwa muhula, mradi kila muhula peke yake aupatie 3.0 na asome mzigo kamili. Kwa ngazi hiyo ya kwanza yule mwanafunzi wetu wa 2.6 na 3.2 asingekatwa, na akikwama chini ya 3.0 baadaye kifungu hicho kinamsubiri. Kinaangalia anaelekea wapi, huku kikimweka kwenye kamba fupi, kwa sababu muhula mmoja mbaya unamtoa. Sioni mtu atakayekiita kifungu cha kulea uvivu.

Atabaki mmoja wa kusema: aliyasoma masharti, akayasaini, ni mtu mzima, abebe mzigo wake. Kisheria yuko sahihi. Ila saini ya kijana wa miaka 18 aliyetoka kidato cha sita haimfanyi ajue kwamba somo aliloliacha linahesabiwa katika krediti alizojaribu na kumsogezea kipimo karibu, wala kwamba muhula wa kwanza utakuwa nusu ya wastani wake wakati wa kukaguliwa. Serikali kuu ya Marekani, ambayo si maarufu kwa ulegevu wa makaratasi, haitegemei saini peke yake katika misaada yake kwa wanafunzi. Inadai maendeleo ya masomo, na mwanafunzi asivuke asilimia 150 ya muda wa kozi. Lakini chuo kinachokagua kila muhula kinaruhusiwa kumpa aliyeteleza muhula mmoja wa onyo, fedha ikiendelea. Akiteleza tena anaweza kukata rufaa, aeleze kilichotokea, kifo nyumbani au ugonjwa, na aeleze kipi kimebadilika sasa. Hilo swali la pili ndilo lenye maana. Kuomba huruma kwa jambo lililopita ni rahisi. Kueleza muhula ujao utakuwaje kunamlazimu mtu afikiri.

Yote haya yanatuhusu vipi? Kwanza, wapo vijana wetu wanaokwenda Marekani kwa ufadhili wa vyuo binafsi, na wao wana kamba mbili shingoni. Mwenye viza ya F-1 anayesoma shahada ya kwanza anatakiwa asome angalau krediti 12 kila muhula, na akishuka chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni amevunja masharti ya kukaa nchini. Ile mbinu ya Georgia ya kupunguza masomo ili kulinda wastani, kwake ina ukuta. Kazi nayo ina ukuta: ndani ya chuo saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na nje ya chuo haruhusiwi mpaka apate kibali. Ufadhili ukikatika hawezi kusema atafanya kazi usiku ajilipie. Kwa hiyo mzazi anayemsindikiza mtoto uwanja wa ndege angemuuliza mambo machache yenye faida kuliko yote: wastani unaotazamwa ni wa jumla au wa muhula, unatazamwa lini, na ukishuka kuna muhula wa onyo au hakuna. Kama barua haisemi, iandikwe barua pepe kwa ofisi ya ufadhili kabla ya kupanda ndege, na jibu litunzwe.

Pili, hapa nyumbani. Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu tangu sheria ya mwaka 2004, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 tuna ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Mkopo si ufadhili, unarudishwa, lakini kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu, hofu ni ile ile: matokeo ya mwaka huu ndiyo yanayofungua fedha ya mwaka ujao. Na vyuo vyetu vina mtego wao ambao Georgia haina. Somo ukilifeli unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na katika vyuo vingi ukilifaulu unaandikiwa C hata kama ulijibu mtihani wote. Sapu inakuokoa na disko, yaani kuondolewa chuoni; GPA haikuokolei. Kwa mwenye mkopo hiyo inatosha, kwa kuwa anachotakiwa ni kuendelea na mwaka. Kwa mwenye ufadhili unaodai GPA, C hiyo ya pointi 2 kati ya 5 inakaa kwenye wastani mpaka anavaa joho, na anayedhani amevuka salama kwa sababu hakuona jina lake kwenye orodha ya disko atakuja kushtuka dirishani.

Halafu tuna faida moja ambayo hatuitumii. Katika vyuo vyetu vingi alama za majaribio na kazi za muhula, mara nyingi 40 kati ya 100, hubandikwa kabla ya mtihani wa mwisho. Maana yake wiki kadhaa kabla ya mtihani huo, UE, ofisi ya kitivo inamjua kila mwenye ufadhili ambaye ana 17 kati ya 40 kwenye hisabati. Kumwita mtu huyo, kumwonyesha hesabu ya GPA yake itakavyokuwa akipata hiki au kile, na kumpeleka kwa mwalimu msaidizi, hakuhitaji sheria mpya wala bahati nasibu ya taifa. Kunahitaji mfadhili aandike kwenye mkataba wake kwamba chuo kitamtumia orodha ya alama hizo kabla ya UE, na kwamba atakuwa na mtu wa kuisoma. Wafadhili wetu wengi huomba matokeo mwisho wa mwaka tu, wakati kilichobaki kufanya ni kuandika barua ya kusitisha.